"Aggravate" ni kuzidisha ubaya au ni kumuudhi mtu? Neno hili limetoka wapi?

#1 Mama Tunu
Habari zenu wadau. Neno moja la Kiingereza limetuletea ubishi nyumbani, naomba mwenye ujuzi atusaidie. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Kwenye insha ameandika kwamba mdogo wake huwa anamu-"aggravate" kila anapojisomea. Mwalimu kalizungushia duara kwa kalamu nyekundu, pembeni akaandika "irritate", kisha akakata alama. Nimefungua kamusi, nakuta maana zote mbili zipo: kuzidisha ubaya wa jambo, na kumuudhi mtu. Kamusi inakubali, mwalimu anakataa.

Mimi nadhani maana mbili zilizoachana hivi haziwezi kukaa kwenye neno moja bila sababu. Kidonda kuzidi ni habari moja, mtu kukasirika ni nyingine. Zilikutana wapi? Na nani aliyeanza kusema hiyo ya pili ni kosa?

#2 Kokoto Tupu
Pole dada. Huku saiti "aggregate" ni kokoto, "gravel" ni changarawe, na "grave" kila mtu anajua ni kaburi. Ukiona hiyo "grav" au "aggr" ujue kuna mawe na udongo. Mtu anayekuudhi anakutwisha kokoto kichwani, ndiyo maana yake. Nimemaliza.

#3 Mzee wa Faharasa
Kokoto, umeoza watu wasiojuana. "Aggregate" limetoka kwenye Kilatini grex, yaani kundi la kondoo. Ni kukusanya vitu viwe kundi moja. "Grave" la kaburi ni la ukoo wa Kijerumani, kutoka kwenye kitenzi cha kuchimba, na ndugu yake ni "engrave", kuchora kwa kuchimbachimba. "Gravel" lilipita Kifaransa, kwenye neno la ufukwe wenye mchanga na mawe.

"Aggravate" ni Kilatini aggravare. Mwanzo ni ad, yaani "kwenye", na ile d ikimezwa na g inayofuata. Kisha gravis, "-zito". Kwa hiyo ni kutia uzito, kuongeza mzigo juu ya mzigo. Kiingereza kililipokea katika karne ya 16. Ukitaka "grave" lililo ndugu yake, chukua lile la pili, la hali mbaya au mtu makini asiyechekacheka. Yanaandikwa sawasawa lakini hayana babu mmoja.

#4 Kokoto Tupu
Mzee umenifukuza kwenye ukoo mzima! Niachie "gravity" basi, nisirudi nyumbani mikono mitupu.

#5 Mzee wa Faharasa
"Gravity" ni halali yako. Chukua na "grief", majonzi, na "grievance", malalamiko. Hayo yalizunguka kupitia Kifaransa cha kale yakabadilika sura, lakini ni gravis hiyohiyo.

#6 Mla Vitabu
Nijibu swali la pili la Mama Tunu, la nani aliyeanza kukataza. Mmoja wa wa mwanzo wenye jina kubwa ni John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza aliyezaliwa 1806. Katika kitabu chake cha mantiki analalamika kwamba alipokuwa mtoto, kusema "aggravating" kwa maana ya kuudhi ilikuwa lugha ya ovyo ya vyumba vya watoto, na sasa imejipenyeza hadi magazetini na vitabuni. Hofu yake ilikuwa ya maana: wanasheria wa jinai wakizungumzia mambo yanayozidisha uzito wa kosa, watu wataelewa kitu kingine kabisa.

Halafu akaja H. W. Fowler na kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza mwaka 1926. Huyo akasema matumizi hayo waachiwe wasiosoma, na kwamba kwa sehemu kubwa ni lugha ya wanawake na watoto. Walimu wengi wa Kiingereza duniani walilelewa na kitabu kile au na wanafunzi wake. Na kijitabu maarufu cha Marekani cha Strunk na White kinatenganisha vilevile: "aggravate" ni kuongezea jambo ambalo tayari linasumbua, "irritate" ni kuudhi. Mwalimu wa binti yako ana watu nyuma yake.

#7 Chausiku K.
Ngoja kwanza. "Wanawake na watoto"? Huo ndio ushahidi? Mama analea mtoto usiku kucha, anachagua neno la kueleza anavyojisikia, halafu bwana mmoja anaamua kwamba neno limechafuka kwa sababu limepita mdomoni mwake. Mla Vitabu, sikulaumu wewe, lakini hapo sijaona hoja ya lugha. Nimeona mtu anayeangalia nani anasema, siyo kinachosemwa.

#8 Mzee wa Faharasa
Chausiku kasema kweli, na historia iko upande wake. Maana ya kuudhi haikuzaliwa enzi za Mill. Mwaka 1611 Randle Cotgrave alichapisha kamusi ya Kifaransa na Kiingereza, na humo "aggravate" limewekwa bega kwa bega na "exasperate". Hiyo ni karibu miaka mia mbili kabla Mill hajazaliwa. Tena ukirudi kwenye Kilatini chenyewe, aggravare ilikuwa kutia uzito, kuzidisha, na pia kumlemea na kumsumbua mtu. Maana ya pili haikudandia gari njiani, ilipandia kituo cha kwanza.

Nyongeza kwa #6: kamusi ya Fowler iliporekebishwa na Sir Ernest Gowers mwaka 1965, Gowers alikiri kwamba wanasarufi wamepiga kelele miaka mingi na waandishi hawakuwasikiliza, basi wakati umefika wa kukubali kwamba matumizi yameshinda. Anayemnukuu Fowler leo amnukuu na Gowers.

#9 Mwana Lushi
Salamu kutoka Lubumbashi. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa neno hili linatuchanganya kinyume chake. Kwetu "aggraver" ni kuzidisha ubaya tu. Hali ya mgonjwa inazidi, vita inazidi, deni linazidi. Mahakamani kuna "circonstances aggravantes", mambo yanayozidisha uzito wa kosa. Mtu akikukasirisha unasema "il m'énerve", na hapa mtaani watu wanachanganya na Kiswahili kabisa, "ananienerver". Nikimwambia mtu "tu m'aggraves" ataniuliza kama nina homa.

Ndiyo maana #8 haijanishawishi. Kama maana ya kuudhi ilikuwepo tangu Kilatini, kwa nini Kifaransa, mtoto wa Kilatini wa tumboni, hakikuirithi, na Kiingereza, mtoto wa kufikia, kikairithi?

#10 Mla Vitabu
Swali zuri hilo. Mzee, jibu.

#11 Nesi wa Zamu
Kabla Mzee hajajibu, naleta habari za wodini maana huku hilo neno tunalo kila siku. Kwenye faili la mgonjwa tunaandika "aggravating factors", mambo yanayozidisha maumivu: kuinama, kukohoa, kula, baridi. Na pembeni yake yale yanayotuliza. Sasa angalia mgonjwa mwenyewe. Mwenye mgongo ukimgusa pale panapouma, maumivu yanazidi na hapohapo anakukasirikia. Kwake ni kitu kimoja. Hata "irritate" la mwalimu lina hali hiyohiyo: sabuni inai-irritate ngozi, na jirani anamu-irritate mtu. Mbona hilo hakuna anayelipigia duara jekundu?

Jambo jingine. Kwenye kadi za kliniki ya wajawazito utakuta pameandikwa kwa mkono G3 P2. Hiyo G ni "gravida". G3 ni mimba ya tatu, P2 ameshajifungua mara mbili. "Gravida" ni Kilatini cha mwanamke mwenye mimba, na maana yake ni aliyekuwa mzito. Ni gravis ileile ya Mzee. Na sisi tunamwita nani? Mjamzito!

#12 Kokoto Tupu
Dada nesi hapo umenifunga mdomo. Yaani mjamzito na "gravida" ni wazo lilelile?

#13 Kisimani
Wazo lilelile, bila kuazimana. Ila kuna watu wanadhani "mja" hapo ni kutokana na kuja, kwamba kuna mgeni anakuja. Wengine wanasema mja ni mtu, kama waja wa Mungu.

#14 Mzee wa Faharasa
Kisimani, angalia wingi: wajawazito. Pande zote mbili zimebadilika, wa-ja wa-zito. Ni jina na kivumishi chake. Mja ni mtu, mzito ni mzito. Mtu mzito.

#15 Kisimani
Mzee, wingi unathibitisha kwamba ni maneno mawili. Hauthibitishi kwamba mja huyo hakutokana na kuja. Mfanyakazi ni wa kufanya, mja naye anaweza kuwa wa kuja. Bado nimesimama hapo.

#16 Baharia wa Matrah
Niko Muscat. Nawasikiliza mnazungumzia uzito nakumbuka Waarabu wanavyosema. Mtu anayechosha, asiye na mvuto, mizaha yake haichekeshi, anaitwa thaqil ad-damm, mwenye damu nzito. Mwenye kupendeza ni khafif ad-damm, damu nyepesi. Anaingia barazani tu, watu wanatazama saa. Hakuna kidonda kilichozidi, hakuna kesi, ni uzito wa mtu moja kwa moja kuwa karaha.

Kwa hiyo Mwana Lushi, huenda huhitaji kumtafuta Mlatini. Binadamu popote alipo akilemewa anasema nimewekewa uzito, na akiudhiwa anasema hivyohivyo. Kiingereza kingeweza kufika hapo chenyewe.

#17 Chausiku K.
Lakini Kiswahili mtu mzito si wa kuudhi. Mzito ni mvivu wa kuelewa au mwenye mwendo wa taratibu. Na siku hizi "wazito" ni wenye fedha na vyeo! Jambo zito ni la maana. Uzito kwetu una heshima yake. Baharia, hiyo "popote" yako ina mipaka.

#18 Baharia wa Matrah
Heshima ipo, sikatai. Na "nimeona uzito kumwambia" je? Hiyo ni heshima?

#19 Wakili wa Jinja
Nimechelewa lakini Mill kaitaja fani yangu, lazima niseme. Uganda tuna kosa linaloitwa "aggravated robbery". Unyang'anyi wa kawaida unakuwa wa namna hiyo mtu akitumia silaha ya hatari, au akisababisha kifo au madhara makubwa. Tanzania sheria inasema "armed robbery", unyang'anyi wa kutumia silaha, na kifungo chake hakipungui miaka 30. Kenya ni "robbery with violence", wizi wa mabavu. Madhara makubwa niliyoyataja, kwa Kiingereza cha sheria zetu zote tatu ni "grievous harm". Hilo "grievous" nalo limetokana na gravis. Kwa hiyo kwenye kifungu chetu kimoja Uganda ndugu hao wawili wamekaa pamoja, mmoja kaja moja kwa moja kutoka Kilatini, mwenzake kapitia Ufaransa.

Lakini nataka mtazame kesi za madai, maana hapo ndipo naona maana mbili zimeshikana mikono. Kuna fidia inaitwa "aggravated damages". Mtu amekukosea, halafu namna alivyofanya ilikuwa ya dharau, kiburi, kukudhalilisha mbele za watu. Mahakama inaongeza fidia kwa sababu ya maumivu ya moyo na heshima yako iliyoguswa. Katika kesi ya Rookes dhidi ya Barnard ya 1964, House of Lords, enzi hizo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, ilitenganisha fidia hiyo na ile ya kumwadhibu mkosaji, na mahakama zetu za Afrika Mashariki zimeinukuu mara nyingi. Sasa hapo niambieni: kilichozidi ni kosa, au ni mtu aliyeudhiwa? Vyote viwili. Kosa limezidi kwa sababu mtu ameudhiwa. Mimi nasema maana ya kuudhi ilitokea kwenye mlango wa namna hiyo.

#20 Mla Vitabu
Wakili msomi, hoja tamu ila tarehe zinagoma. 1964 na 1611 ni mbalimbali sana.

#21 Wakili wa Jinja
Kesi ni ya 1964, fikra ni kongwe. Majaji wa Uingereza walikuwa wakiongeza fidia kwa sababu ya matusi na dharau zamani sana kabla ya hapo. Kesi ile ilipanga tu mafaili.

#22 Kijana wa Nakuru
Niaje watu. Nimeishi Leeds miaka kadhaa na huko kuna "aggro". Mechi ikiisha vijana wakianza kusukumana nje ya uwanja, hiyo ni aggro. Neno lilivuma mwishoni mwa miaka ya 1960, enzi za vijana wa kunyoa vipara. Benki wakikuzungusha na karatasi zisizoisha, hiyo pia ni aggro. Mimi najua imetoka kwa "aggression", uchokozi. Kwa hivyo huenda hata maana ya kuudhi imeingizwa na huyo jirani "aggressive".

#23 Mzee wa Faharasa
Kijana wangu, kamusi nyingi zinasema aggro ni kifupi cha "aggravation". Watu wa London walishazoea kusema fulani ananiletea "aggravation", yaani usumbufu na shari. "Aggression" ina mzizi mwingine: Kilatini gradi, kupiga hatua, kumwendea mtu kwa ubaya. Huenda imesaidia kuisukuma aggro iende kwenye ngumi, hilo sipingi. Lakini haiwezi kuwa chanzo cha kitu kilichoandikwa na Cotgrave.

#24 Kijana wa Nakuru
Mzee, aggro ya ngumi nimeiona kwa macho. Pale hakukuwa na "aggravation", kulikuwa na viatu. Nabaki na aggression yangu.

#25 Binti Houston
Huku Texas wazee wanalitumia kila siku na hakuna anayeshtuka. Bibi jirani yetu akichoshwa na wajukuu anawaambia "quit aggravating me". Nikiwa kazini kwenye nyumba ya wazee, hilohilo neno naliandika kwenye ripoti kwa maana ya kuzidi: kikohozi kinazidisha maumivu ya mbavu. Zamu moja, maana zote mbili, hakuna anayechanganyikiwa. Mama Tunu, muulize mwalimu kama alishindwa kuelewa sentensi ya mtoto. Kama alielewa, kosa liko wapi?

#26 Mla Vitabu
Binti Houston, kuelewa si kipimo pekee. Mtihani una lugha yake rasmi, na mtoto akiingia nayo chumba cha mtihani atakutana na msahihishaji wa aina ya Fowler. Mimi ningemfundisha aandike "irritate" kwenye mtihani na ajue ukweli wa neno kichwani.

Kwa wanaopenda riwaya: Charles Dickens, kwenye A Tale of Two Cities ya 1859, ana mhusika Jerry Cruncher, mtu mkali, mkewe kila akipiga magoti kusali yeye anapandwa na hasira na kumwita "Aggerawayter". Hilo ni "aggravator" kwa lafudhi ya London ya mtu wa kawaida, mkewe ni "mwudhi". Kazi ya siri ya Cruncher ni kufukua maiti makaburini. Kokoto, "grave" zako zote mbili zimekutana nyumba moja.

#27 Kokoto Tupu
Nilisema mimi! Mzee unaona?

#28 Kisimani
Tukiwa kwenye ukoo, mmesahau Asia. Huo mzizi wa gravis ni wa kale kuliko Kilatini. Kigiriki kina barys, -zito, na humo mna "barometer" ya kupima mgandamizo wa hewa na "baritone" ya waimbaji wa sauti nzito. Kisanskriti kina guru, -zito, kisha mtu mwenye uzito wa elimu, mwalimu. Na wanaisimu wengi wanaliingiza humo Kilatini brutus, mtu mzito wa akili. Waliosoma tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mchezo wa Juliasi Kaizari wanamjua Brutus. Jina la ukoo wake ni hilo, na hadithi za Roma zinasema babu yake alijifanya mjinga ili asiuawe na mfalme.

#29 Nesi wa Zamu
Kisimani ongeza bariamu, ile dawa nyeupe mgonjwa anayokunywa kabla ya eksirei ya tumbo. Jina lake limetoka kwenye barys hiyohiyo. Na ukiinua kopo lake utaamini, ni zito kuliko linavyoonekana.

#30 Chausiku K.
Nimesoma yote, na mimi nina njia yangu, haiko kwenye uzito wala mahakamani. Turudi kwa Cotgrave wa #8. Kwa nini aliliweka "aggravate" pamoja na "exasperate"? Kwa sababu "exasperate" nalo lilikuwa na maana mbili zama zile. Ni Kilatini asper, -a kukwaruza, na lilitumika kwa ugonjwa kuzidi na kwa mtu kukasirika. Leo limebaki na hasira tu. "Exacerbate" nalo, kutoka acerbus, -kali, chungu, lilikuwa na pande zote mbili, leo limebaki na kuzidi tu. Ninaona maneno hayo yalitembea pamoja na kuambukizana. Mwisho kila moja likashika njia yake, isipokuwa "aggravate" lililobaki na pande zote. Hiyo inamjibu hata Mwana Lushi: si urithi wa Kilatini, ni majirani wa Kiingereza.

#31 Mwana Lushi
Chausiku, hapo umenigusa zaidi ya Mzee. Ila Kifaransa nacho kina "exaspérer" na "exacerber". Majirani walikuwepo kwetu pia. Mbona "aggraver" halikuambukizwa?

#32 Mzee wa Faharasa
Maana Kifaransa kilikuwa tayari na neno lenye nguvu la kuudhi, "ennuyer", lililojaza nafasi. Lenyewe limetoka kwenye msemo wa Kilatini in odio, "katika chuki": jambo fulani liko kwenye chuki yangu, yaani linanichosha. Neno hilo likavuka bahari likawa "annoy" la Kiingereza.

#33 Mwana Lushi
Mzee, "annoy" lilikuwa Uingereza karne kadhaa kabla ya Cotgrave. Nafasi ilikuwa imejaa huko pia, na "aggravate" likaingia hivyohivyo. Kwa hiyo nafasi kujaa si sababu.

#34 Wakili wa Jinja
Mwana Lushi ungefaa kuwa mpinzani wangu kortini. Turudi kwenye dharau na fidia, pale tarehe zinaweza kutafutwa.

#35 Mama Tunu
Ahsanteni sana. Nimemsomea binti #11 na #25, kacheka mpaka basi, #19 akataka nirudie. Sasa kaniuliza jambo ambalo sina jibu: "vex" je, nalo lilikuwa uzito?

#36 Kisimani
Hapana, hilo ni Kilatini vexare, kutikisa, kusukasuka. Unayeudhiwa unatikiswa. Mwanzishie uzi wake, maana Kokoto keshaanza kuandika.